Nilimkimbiza Mfalme wa Fikiri

Kosa ni langu. Nalisema mwanzoni kabisa ili msihangaike kumtafuta mwingine. Mimi nimeshamtafuta miezi minne, sijampata.

Niko kidato cha tatu, naishi mtaa wa Rusimbi, kando ya ziwa. Shuleni najulikana kwa mdomo. Mwalimu akigeukia ubao naiga mwendo wake, darasa linacheka, natolewa nje, na huko nje namchekesha mlinzi. Lakini kati ya wote wanaocheka hakuna aliyewahi kufika kwetu. Mama alishafariki. Baba anavua dagaa, usiku yuko ziwani na mchana amelala. Nikirudi shule naongea na sufuria.

Rafiki yangu wa kweli nitamwita Fikiri. Ni Mkongo, rika langu, yeye na mama yake walikimbia vita wakavuka ziwa. Waliishi kambini. Kambini hutoki bila kibali, na kibali kina saa zake. Kila baada ya wiki mbili lori liliwaleta wagonjwa hospitali asubuhi, na saa tisa mchana linawarudisha. Mama yake akikaa kwenye foleni, Fikiri alikuja mtaa wa Mwanga, kwenye kibaraza cha fundi cherehani mmoja. Siku hizo nilikuwa natoroka vipindi. Hapo ndipo aliponifundisha chesi.

Vipande alivichonga mwenyewe. Weupe walitoka kwenye ndala mbovu, weusi kwenye katambuga za tairi. Kile kipande kinachoitwa askofu tulikiita shehe, kwa sababu fundi alisema kibaraza ni chake na askofu hajamkaribisha.

Fikiri alikuwa na utaratibu mmoja: hatuachani mchezo ukiwa umekwisha. Ukiisha, tunaanza mwingine hapohapo. Saa nane na nusu anaandika kwenye daftari kila kipande kilipo, fundi anafunika ubao kwa kitambaa, na kwa wiki mbili mtu asiguse.

Nilimuuliza, "Kwa nini usicheze haraka tumalize?"

"Tukimaliza, utaningoja na nini?"

Nilicheka. Ila kila nikitoka shule nilipita Mwanga kutazama kile kitambaa. Nilijua chini yake kuna mtu anayenidai jibu.

Sasa sikia ujinga wangu. Mwalimu wa mazoezi alisahau darasani kijitabu cha chesi kilichochanika. Ndani nikakuta namna ya kuanza ukiwa mweusi. Mweupe anasogeza askari wa mfalme, yule mdogo aliye mbele yake, hatua mbili, nawe unasogeza wako kumkabili. Anamleta farasi amtishie askari wako. Mtu mwenye akili anamlinda. Wewe unamwacha bila mlinzi, unasukuma askari mwingine aliye karibu na mfalme wako, hatua mbili, unaanzisha vita papo hapo. Mfalme wako anabaki mlango wazi, lakini anayeshtuka ni mwenzako. Nikaupa jina, Mlango Wazi. Shuleni niliwafunga watu kabla chai haijapoa.

Nikamwonyesha Fikiri. Akaurudia ubaoni hatua kwa hatua.

"Ni muzuri kwa watu wenye haraka," akasema. "Mimi usinichezee hiyo, ndugu."

Nikamwahidi.

Alipokuja tena alikuwa amechelewa, na uso haukuwa wake. Tulimaliza mchezo wa zamani, tukatoka sare, akaanza kupanga mpya.

"Kambini wanaandikisha watu wa kurudi kwetu," akasema. "Mama amejiandikisha. Sijui kama nitapata kibali ingine. Leo tucheze pole-pole. Tuache nusu, niende nayo."

Nikasema sawa. Nilimaanisha, wallahi.

Halafu wakaja wanne wa darasani kwetu, na sare zao za shule, wametoroka kama mimi. Wakasimama nyuma yangu. Mmoja akasema, "Huyu ndiye mwalimu wako? Mbona unasema unafunga kila mtu?"

Fikiri akasogeza askari wa mfalme hatua mbili, kama siku zote. Nikajibu. Akaleta farasi. Mkono wangu ukaenda kwa yule askari wa karibu na mfalme, nikamsukuma hatua mbili.

Fikiri aliinua macho. "Ndugu, tulisema pole-pole."

"Pole-pole umwambie mama yako kwenye foleni."

Wale wakaangua kicheko. Fundi akasimamisha cherehani, akanitazama, akaendelea kushona.

Fikiri hakujibu pigo kwa pigo. Alisogeza askari mmoja hatua moja tu, kama mtu anayefunga dirisha. Nikaona ni mwoga. Nikashuka na malkia, farasi, shehe, kila kitu. Mfalme wake akafukuzwa nyumbani, akatoka peke yake mpaka katikati ya ubao, kila anakokwenda namfuata.

Na mdomo wangu ukafunguka. "Oya, mfalme huyu anazurura. Ana kibali cha kutoka kambini?"

Walicheka mpaka mmoja akakaa chini. Nikaona bado haitoshi. Nikagonga meza. "Mkimbizi huyo! Mpakieni kwenye lori!"

Fikiri alimshika mfalme wake, akamlaza taratibu. Ilikuwa saa saba tu. Yalibaki masaa mawili mazima.

"Imeisha," akasema.

"Tupange nyingine."

"Hapana. Imeisha."

Akatoa daftari mfukoni, akaliweka juu ya ubao. "Shika. Halina kazi tena." Akamuaga fundi kwa mikono miwili, akashuka barabara ya hospitali. Ningeweza kumkimbilia. Lakini wenzangu walikuwa wamenibeba juu, wanataka niwafundishe Mlango Wazi, na mimi nilikuwa sijawahi kubebwa.

Wiki mbili baadaye nilifika kibarazani asubuhi na mapema. Saa nne, saa sita, saa tisa. Lori likapita na watu wake. Fikiri hakuja.

Fundi akaniacha nikae mpaka alipoanza kufunga. Ndipo akasema, "Mwanangu, nenda nyumbani. Alikuja Jumatano iliyopita, kwa kibali cha kuaga. Walikuwa wavuke ziwa wiki hiyohiyo."

"Aliniulizia?"

Akakunja kitambaa mara mbili, akakikunjua. "Aliulizia kama vipande vyake vipo. Nikamwambia vipo. Akasema vibaki."

Hilo tu. Jumatano mimi nilikuwa darasani, naiga mwendo wa mwalimu.

Daftari nilikuwa sijalifungua. Siku hiyo nikalifungua. Kurasa zote ni michezo yetu, nusu nusu. Ukurasa wa mwisho aliuandika kambini, zile wiki mbili baada ya mimi kumwonyesha ufundi wangu: "Mweusi akifungua mlango, farasi ale askari wa kati. Mweusi ataumia sana." Na chini yake hatua zote, moja baada ya nyingine, mpaka nife.

Alikuwa nalo jibu tangu mwanzo. Angenimaliza mbele ya wenzangu kwa hatua kumi. Aliacha makusudi, akachagua ile hatua ndogo ya dirisha, ili mchezo uwe mrefu.

Wenzangu walishachoka na chesi, siku hizi wanacheza karata. Barua sina pa kuipeleka. Sijui hata yuko kijiji gani huko ng'ambo.

Wewe unayesoma na una mdomo kama wangu, nakuomba kitu kimoja. Mtu akikuomba mwende taratibu, kabla hujamcheka, muulize amebakiza muda gani. Wanaocheka utani wako watakwenda kucheka kwingine, na meza utabaki nayo wewe.

Mimi sasa nacheza pande zote mbili. Jana nilisogeza askari wa mfalme mweupe hatua mbili, nikazunguka meza, nikajibu kwa upole upande wa mweusi, nikamlinda askari wangu kama mtu mwenye akili. Tulipofika katikati nikaandika kwenye daftari kila kipande kilipo, na fundi akaleta kitambaa bila kuombwa.

Ni zamu ya mweupe. Mtu asiguse.