Nilikuwa msoma salamu redioni Bujumbura, nikaenda ukomando. Kuna salamu moja naitafuta mpaka leo

Wakuu habari za mchana. Wakubwa shikamooni, wadogo mambo.

Mimi ni msomaji wa kimya humu, miaka inakwenda sijawahi kuanzisha uzi. Najua mnavyowashughulikia watu wa chai, wanaotunga hadithi, kwa hiyo niseme mapema: majina nimebadilisha, na kambi na kikosi sitavitaja hata mkinibembeleza. Yaliyobaki yote ndivyo yalivyonikuta.

Kiswahili changu ni cha Bujumbura. Mkiona kimepinda mahali, nyoosheni wenyewe msonge mbele.

Nianze na kazi niliyoiacha.

Nilikuwa mtangazaji kwenye redio moja ndogo hapa mjini. Kipindi changu kilikuwa cha salamu, kila Alhamisi alasiri. Mnavijua vipindi hivyo. Mtu anapiga simu, anataja watu wake watatu, anaacha ujumbe, unamwekea wimbo, anakuja mwingine.

Tulikuwa tunasikika mpaka Uvira, ng'ambo ya mpaka.

Shida ya kipindi cha salamu ni kwamba watu wanapiga kulalamika. "Nimeambiwa nimesalimiwa, nilikuwa bafuni, rudia basi." Ukimrudia mmoja umekwisha, utarudia mpaka saa ya taarifa ya habari. Kwa hiyo nilikuwa na jibu langu moja, nalitoa live kwa madaha yote:

"Salamu haisomwi mara mbili, mpendwa."

Watu walilipenda. Watoto wa kwetu Buyenzi walikuwa wananitania nalo njiani. Ukipita Asiatique, mtaa wa maduka, unauliza bei ya betri, muuzaji anainua kichwa, anasema "we ni yule wa salamu". Sauti yangu waliijua mji mzima, sura hawakuijua.

Sasa niwaambie kitu ambacho sikumwambia mtu wakati ule.

Nilikuwa mpweke sana.

Nilipanga chumba Kibenga, karibu na ziwa. Nikitoka studio, nimesema majina ya watu siku nzima, naingia ndani nakuta sufuria na kitanda. Simu haiiti. Katika miaka yote ile hakuna aliyewahi kunisalimia mimi. Wanamaliza watu wao watatu, halafu wanamalizia "na wewe mtangazaji pia", kama nyongeza ya muuza nyanya.

Mnaweza kucheka. Mimi mwenyewe nacheka sasa hivi, lakini wakati ule ilikuwa inaniuma.

Kulikuwa na mama mmoja wa Ruziba. Mume wake alikuwa askari, yuko misheni nchi ya mbali, na huko alikuwa anatusikiliza kwenye simu, kwa mtandao. Huyu mama hakukosa Alhamisi. Na hakuwa na maneno ya mapenzi ya redioni yale. Alikuwa anampa habari za nyumbani tu. Mwambie mihogo imeshika. Mwambie mtoto amekubali shule. Mwambie lile bati tumeligongelea.

Basi nikisoma za yule mama nilikuwa nashikwa na wivu. Nikawaza, kuna mtu mahali fulani amevaa gwanda, jasho linamtoka, na dunia nzima inasimama kidogo ili aambiwe bati limegongelewa.

Nikataka kuwa yule mtu.

Najua mlitarajia niseme uzalendo. Uzalendo ulikuja baadaye, na ulikuja kweli. Mwanzo wake ni huo hapo, sitawadanganya. Na kwa kuwa mimi ni mtu wa kupitiliza, jeshi la kawaida halikunitosha. Nilipoingia nikasikia kuna watu wanaitwa makomando, wengi wanajaribu na wengi wanarudishwa, nikasema hapo hapo ndipo pangu.

Wale wa kuuliza connection ya kuingia, PM yangu imefungwa. Pole zenu.

Lakini kabla ya kwenda ilibidi nimwambie mama.

Mama ana duka la vitenge Asiatique, dogo, ukiingia wateja watatu wa nne anasubiri barazani. Baba alifariki mimi mdogo, kanilea yeye na vitenge vyake. Na mama ana sababu zake za kutopenda magwanda. Watu wa Buja wa umri wake, mlioiona vita, mnazijua, sina haja ya kuziandika.

Siku namwambia alikuwa anakunja vitambaa. Hakuacha kukunja.

"We Saidi," akasema, "kazi ya kukaa mu kivuli unaiacha, unaenda kutafuta jua?"

"Mama, niombee dua tu. Nipe radhi niende."

"Mi sikukatazi. We ni mutu muzima. Lakini radhi yangu usiniombe leo. Sina."

Nikamwambia askari huko wanasikiliza redio, hata yule wa mama wa Ruziba anasikiliza, tutakuwa pamoja tu. Nilisema ili kumtuliza. Sikujua lolote kuhusu huko ninakokwenda.

Akanifungia chapati kwenye gazeti. Nikaondoka na chapati, radhi sina.

Wakuu, kwetu Waislamu wa Buyenzi hili si jambo la kuchukulia juu juu. Kusafiri bila radhi ya mzazi ni kama umetoka na deni shingoni. Ukiteleza tu, unajua ni kwa nini.

Na mimi niliteleza kila siku.

Mafunzo ya kawaida niliyapita. Yale ya pili, ya kuchujwa, siwezi kuyaeleza yote na mengine sitakiwi. Niseme mambo mawili tu.

La kwanza, ziwa. Mtoto wa Bujumbura mimi, nimekulia pembeni ya Tanganyika, kuogelea sijui. Nilikuwa naogopa viboko, nao wapo kweli, si hadithi. Nikatupwa majini na buti. Wenzangu wa kutoka milimani, ambao ziwa waliliona ukubwani, wakanipita. Nilikunywa maji mpaka mwalimu mmoja akaniuliza kama nimetumwa kulikausha.

Mwishowe niliogelea, lakini kwa aibu kubwa.

La pili ndilo lililonimaliza. Kimya.

Simu zilichukuliwa mlangoni. Redio hakuna. Jina hakuna, una namba. Porini mnaongea kwa mikono, na ukijisahau ukafungua mdomo mnaadhibiwa kundi zima. Mimi niliyekuwa nalipwa kuongea! Mwezi wa kwanza niliwaponza wenzangu mpaka hakuna aliyetaka kukaa karibu na mimi wakati wa kula.

Halafu ikaja hatua ya kila mtu peke yake. Unawekwa mahali, unaambiwa angalia njia ile, usionekane, usisikike, utafuatwa. Lini, hawasemi.

Sikumbuki nilikaa siku ngapi. Mvua ilininyeshea, jua likanikausha, mvua ikarudi. Njia ile hakupita mtu. Mbuzi walipita.

Mchana mmoja nikaanza kipindi.

Nawaambia ukweli. Nimelala kifudifudi kwenye majani, nikaanza kunong'ona: karibuni wapendwa wasikilizaji, ni Alhamisi nyingine. Sikujua kama ni Alhamisi. Nikawasalimia watu wa Asiatique duka kwa duka. Nikamsalimia mama wa Ruziba na bati lake. Nikafika kwa mama yangu, nikakwama. Nilitaka kumtumia ujumbe, ujumbe wenyewe sikuupata. Nikawa narudia jina lake tu.

Ghafla nikaona buti mbele ya pua yangu. Adjudant, msimamizi wetu wa mafunzo.

"Uriko uvugana na nde?" akaniuliza kwa Kirundi. Unaongea na nani?

"Na mama, mon adjudant."

Sijui kwa nini nilisema kweli. Nilitarajia nifungashiwe virago pale pale. Akachuchumaa.

"Yuko wapi?"

"Asiatique. Dukani."

"Basi hakusikii. Ukitaka akusikie, gari linarudi mujini leo, upande. Ukitaka kubaki, funga mdomo."

Niliwaza lile gari, wakuu. Nililiwaza mpaka machozi yakatoka. Kilichonizuia si ushujaa. Niliona nikirudi bila cheo na bila radhi, nitakuwa nimekosa vyote viwili.

Nikafunga mdomo. Na tangu siku ile nilijifunza kunyamaza, mpaka leo watu wananiona mpole.

Nilifaulu. Siku ya kuvishwa bereti familia zilialikwa. Wenzangu walikuja kubebwa na dada zao, shangazi zao, kuna mmoja alikuja kijiji kizima na ngoma. Mama hakuja. Nikajisemea bado ana hasira, nikasaidia kupanga viti.

Tulipopewa ruhusa ya kwenda nyumbani, nilishuka mjini na nguo za kiraia. Nikaogopa kwenda dukani moja kwa moja. Nikapita kwanza kwenye ile redio niwasalimie.

Aliyechukua kipindi changu ni kijana mmoja, nimwite Idi. Akanikumbatia, tukacheka, akaniuliza bila kuwaza:

"Mama yako mzima? Alhamisi hii hakupiga simu."

"Kupiga simu wapi?"

"Kwenye salamu. Si anakusalimia kila wiki?"

Nikamwambia arudie. Idi akaona sura yangu, akakaa chini.

Akaniambia mama alianza kupiga muda mfupi baada ya mimi kuondoka. Kila Alhamisi. Alimkumbuka kwa sababu hakufuata utaratibu wa watu watatu, alikuwa anataja mmoja tu. "Ni ya mutoto wangu Saidi, kule aliko." Halafu anaongea. Wakati mwingine anaongea mpaka wanamkata.

"Alikuwa anasema nini?"

Idi akafikiri, masikini, alijitahidi.

"Kaka, we unajua mwenyewe. Salamu zinapita. Kuna siku alisema habari ya mvua kuingia dukani. Na kuna siku moja alilia, nikaweka wimbo. Mengine sikumbuki."

Hakuna kinachorekodiwa pale. Kipindi ni live, kikipita kimepita.

Sikumkasirikia. Mimi mwenyewe nimepitisha salamu za watu miaka, niliyoikumbuka ni ya mama mmoja.

Nikatembea mpaka dukani. Mama alikuwa anampimia mteja kitenge. Akaniona, akamaliza kupima, akakata, akapokea pesa, akamwambia mteja karibu tena. Ndipo akanigeukia.

"Umekonda. Umekula?"

"Apana."

"Keti basi."

Nilikula kwanza. Kisha nikamwambia: mama, kule hatukuwa na redio. Sikusikia hata moja.

Alikuwa ameshika mkasi. Akauweka mezani.

"Hata moja?"

"Hata moja, mama."

"Si we ulisema munasikilizaka?"

Ndipo akanieleza na la bereti. Kwenye ile sherehe ya bereti hakuja kwa sababu alitangaza redioni kwamba mguu unamuuma, hawezi kusafiri, nisimsubiri. Alijua nimesikia. Na mimi kule napanga viti najua amenisusa.

Nikamuuliza, mama, radhi ulinipa? Niambie tu hilo moja.

Akatabasamu kidogo, tabasamu la kuchoka.

"Nilisema yote mule, Saidi. Yote yenye nilikuwa nayo. Si ni we ulikuwa unatuambia salamu aisomwi mara mbili, mpendwa?"

Akarudi kukunja vitenge.

Nimeuliza majirani wa duka. Hawakusikia, kwa sababu mama akipiga simu alikuwa anawaambia wote wazime redio, sauti inajirudia kwenye simu. Nimemuuliza yeye tena mara nyingi, kwa utani na kwa kulia. Ananipikia, ananishonea, ananiombea safari njema. Lile neno moja halitaji. Sijui kama ni adhabu au anaona aibu kulisema uso kwa uso. Nadhani redioni aliweza kwa sababu hakuniona.

Nilichojifunza? Kazi naipenda, siijutii. Lakini wewe unayeacha ofisi yako kesho kwenda kutafuta bereti, kaa hapo mlangoni kwa mzazi wako mpaka akupe neno lako mkononi. Usimwambie tutasikilizana. Huko unakokwenda hujui kama kuna masikio.

Na sasa sababu ya uzi huu.

Hivi karibuni naondoka tena, wapi sisemi. Humu kuna watu wa Buja, wa Uvira, wa Rumonge. Kama ulikuwa unasikiliza salamu za Alhamisi alasiri, na unamkumbuka mama mmoja wa Asiatique, sauti nzito kidogo, anayemsalimia mtoto mmoja tu, niandikie hapa chini alisema nini. Hata sentensi moja. Hata kama ni ya mvua kuingia dukani.

Nitakuwa napita kusoma kila nikipata mtandao, mpaka siku wanachukua simu.