Mgeni wa Kizimba cha Njiwa

Saa moja asubuhi, ua umetulia kupita kiasi. Mama Waya, fundi wa vizimba, amechuchumaa mbele ya kizimba cha njiwa na bado hajagusa kitu. Komeo limefungwa, waya haujakatwa. Njiwa mmoja amejibanza pembeni, kimya. Mwenzake hayupo.

"Paka humvuta ndege kwenye waya akamng'oa bawa," anasema bila kugeuka. "Bundi huondoka na kichwa. Kicheche huua wote. Hapa hakuna hata unyoya."

Mwenye nyumba ameshakata shauri. Njiwa hao aliachiwa na marehemu baba yake, na anajua nani wa kumlaumu.

"Komeo halijifungi lenyewe, fundi. Kikulacho ki nguoni mwako."

Anamsema wifi yake, aliyehamia hapo baada ya kuachika. Wifi amesimama mlangoni, nguo zake zimo kwenye mfuko. "Nimechoka kuapa," anasema.

Mama Waya ameifanya kazi hii miaka kumi na tisa. Siku njema huuza vizimba viwili. Siku mbaya huambulia michubuko tu. Lakini wengi wanaompigia simu hawanunui chochote. Wanataka kujua ni nani aliyewatembelea wakiwa wamelala.

"Wote huniuliza katokea wapi," anasema. "Macho yao yako nje."

Anaingiza vidole viwili kwenye tundu la waya. Vinapita. Kisha anamtazama njiwa aliyebaki kwa muda mrefu. Ndege hana habari na watu. Jicho lake liko kwenye kijisanduku cha kutagia, na halipepesi.

"Mwanangu, rudi nyuma," anamwambia mwenye nyumba kwa sauti ya chini. "Hajatoka."

Mwenye nyumba anarudi nyuma. Mama Waya anainua kifuniko kwa kijiti kirefu. Nyoka amejikunja humo, mwembamba kichwani na mkiani, katikati amevimba.

"Aliingia na njaa, shibe ikamfungia mlango."

Mwenye nyumba anamsogelea wifi yake, anaushika ule mfuko. "Wifi, tuurudishe ndani."

Wifi hauachii. "Jana uliniita mwizi mbele ya watoto. Waite kwanza."

Mama Waya ana mpango wa kuvizungushia waya wa matundu madogo vizimba vyote alivyouza mtaani, na angependa kuanza na hiki. Lakini hafungui mfuko wa zana. Kwa kijiti kile anamtia nyoka kwenye ndoo, anaifunika na kuikalia, kungoja pamoja na wifi watoto waamshwe.