Kukaa na Mdogo Wangu

Nilianza kujifunza taamuli kwa sababu ya presha. Daktari alikuwa ameniambia nipunguze chumvi na hasira. Chumvi niliiweza. Juu ya hasira, jirani yangu pale Kanyenye, ninaposhona nguo, aliniambia kuna sista mstaafu anayewafundisha watu kukaa kimya na Mungu, kila Jumamosi asubuhi, katika chumba cha nyuma ya ukumbi wa parokia.

Tulikuwa wanawake wanne. Sista alitupa viti vya plastiki, akatuambia tuweke nyayo sakafuni, tufumbe macho, tufuate pumzi inavyoingia na kutoka. Kila mmoja achague neno moja la kurudia akipotea. Mimi nilichagua "Baba".

Siku ya kwanza nilishona kichwani sare za shule nzima. Siku ya pili nilisinzia mpaka nikakoroma, wenzangu wakacheka.

"Mwili umechoka, umechukua haki yake," Sista alisema. "Tuendelee."

Jumamosi ya nne hapakuwa na usingizi wala sare. Alikuja mdogo wangu wa kike, kichwani. Nilimwona waziwazi, amesimama pembeni ya kaburi la mama kule Usoke, kaburi ambalo nilikuta limeshafukiwa. Alikuwa amemzika mama yetu bila kunisubiri. Mwaka wa tatu ulikuwa unakwenda, sijazungumza naye. Niliita "Baba, Baba", lakini hakuondoka. Nikachukua mkoba wangu nikatoka.

Jumatatu Sista alikuja dukani kwangu na gauni lililochanika pindo. Nililishona huku amekaa kwenye benchi. Nilipokata uzi ndipo akauliza, "Ulikimbia nini?"

"Mdogo wangu." Nikamweleza yote.

"Akija tena, mwachie nafasi akae. Usigombane naye, usimsamehe kwa nguvu. Wewe pumua tu, naye yupo."

Niliona ni ushauri wa ajabu. Hata hivyo nikawa nakaa kila alfajiri, dakika kumi, chumbani kwangu. Mdogo wangu alikuja karibu kila siku. Wiki za kwanza nilikuwa namhukumu. Baadaye, sijui ni siku gani, nikaanza kuona mambo ambayo sikuyatazama siku ile ya msiba: kwamba alikuwa amekonda, na kwamba miguu yake ilikuwa na tope mpaka magotini. Ni yeye aliyemuuguza mama miezi minane. Mimi nilikuwa natuma dawa na salamu.

Siku moja nikapanda basi la Urambo, nikashuka Usoke, bila kumpigia simu. Nilimkuta mbele ya bani lake, kibanda cha kukaushia kwa moto wa kuni, anatunga majani ya tumbaku kwenye fito, vidole vyeusi kwa utomvu. Alisimama taratibu.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba."

Nikaweka mkoba chini. Halafu nikamuuliza nililokuja nalo: "Kwa nini hukunisubiri?"

"Mvua ilikuwa imekata barabara, dada. Nilikupigia mpaka simu ikazima. Siku ya pili wazee wakasema mama hawezi kukaa tena, joto lile." Alijifuta uso kwa mkono wa gauni. "Nilikataa mpaka saa tisa. Wakanishika mikono wakanitoa mlangoni. Ulipofika ulinitukana mbele ya watu, nami nikaona nisijitetee."

Nilikumbuka matusi yale, neno kwa neno. Nikamwomba radhi. Alisema ameyasikia, lakini hakusema yamekwisha, na sikumlazimisha. Nikakaa chini, nikamsaidia kutunga majani mpaka jioni, kazi ambayo sikuwa nimeifanya tangu nikiwa msichana. Tukala ugali kwa mlenda.

Asubuhi alinikuta nimekaa kitandani, macho nimefumba.

"Unaumwa?"

"Nasali bila maneno. Kaa hapa, fuata pumzi yako tu."

Alikaa. Nilisikia kitanda kikilia, kisha pumzi yake, nzito kidogo kwa moshi wa bani. Hatukufika dakika tano.

"Dada, miguu imekufa ganzi," alisema. "Na chai inachemka."

"Kaiepue," nikamjibu. "Nakuja."