Kasete Yetu Iliyokuwa Inakimbia

Hakuna kitu kinachoweza kunishangaza mimi. Niliacha shule darasa la tatu, nikabeba magunia mpakani, leo nina depo ya simenti na nyumba ya etaji, juu na chini, hapa mtaa wa Mulongwe. Mto ulipopanda ukabeba ukuta wangu, nilimaliza chai kwanza, kisha nikaita mafundi.

Na ni mimi niliyeileta ile kasete mtaani. Niliinunua Bujumbura enzi za magunia, kwa sababu ya vijana wanne wenye magita kwenye karatasi yake, nywele zimewafunika macho. Nyimbo ni fupi fupi, za Kiingereza. Magita yanameremeta, sauti tatu zinapanda pamoja, halafu makofi. Hatujui wanasema nini. Tunajua tu kuna msichana amewakatalia, na wao wanafurahi hata hivyo.

Kila Jumapili watu wawili huja kwangu kuisikiliza. Mama muuza ndagala, wale samaki wadogo wa ziwani, jirani yangu, hucheza wimbo wa tatu na sahani mkononi. Motari mmoja, mbeba abiria, hupiga yale makofi juu ya kofia yake ya pikipiki, na hajawahi kukosea. Bila kasete, hatuna kingine cha kutukutanisha: mama anasali misa, motari ni Mprotestanti, mimi nalala.

Mwaka huu redio yangu ya kasete ikakwama. Fundi akaiwekea mota nyingine. Jumapili nikabonyeza, magita yakatoka yakiburuta miguu. Motari akapiga makofi peke yake, waimbaji wakafika nyuma yake.

"Yaya," mama akaniambia, kama anavyoitwa kaka mkubwa, "hawa watu uliwanyima chakula? Hii iko ya matanga. Miye siichezi."

"Fundi ameiharibu," nikasema.

Binti yangu anayesoma chuo akaitafuta albamu hiyohiyo kwenye simu. Ikatoka vilevile, polepole. Akasema wapenzi wa albamu hiyo duniani bado wanaiandikia sifa, wimbo kwa wimbo.

"Huu ndio mwendo wake, papa. Redio yenu ndiyo ilikuwa inakimbia."

Hapo, nakubali, nilitafuta kiti.

Mama alikuwa ameshafunga kitenge chake. "Basi Jumapili nitakuwa nalala na miye," akasema, akatoka.

Kesho yake asubuhi nilikuwa kwa fundi. "Irudishe ikimbie."

"Patron, sasa iko sawa."

"Ndiyo ubaya wake."

"Miye nilijifunza kutengeneza. Kuharibu iko na bei yake."

Nikakaa kwenye benchi lake, yeye anazungusha kijiskurubu cha mota kidogo kidogo, kasete inaimba, mimi napiga makofi. Nikapoteza mdundo. Nikamwita motari, akaja, akavua kofia, akapiga. Mara makofi yake na ya waimbaji yakaangukia pamoja.

"Hapo hapo," akamwambia fundi. "Weye, toa mkono."

Jumapili mama alirudi na sahani. Wale wapenzi wa duniani niliwahurumia: albamu wanaisifu, lakini bado hawajaisikia.

Kutengeneza, elfu kumi na tano. Kuharibu, elfu ishirini. Soda ya motari, elfu mbili na mia tano. Yote faranga elfu thelathini na saba na mia tano.