Mama na Kibuyu cha Maji ya Vyombo

Picha pekee ya mama yangu niliyo nayo inaning'inia sebuleni kwangu hapa Elerai, na kila mgeni anayeingia huniuliza kama mama alikuwa mganga wa kienyeji. Amepiga magoti chini ya mti wa mringaringa, amevaa ngozi ya mbuzi, kibuyu mkononi, mdomo wazi, macho juu. Wajukuu zangu wamembatiza Bibi Tunguri. Nawaacha wacheke. Mimi ndiye ninayejua kwamba mama alifagia kanisa kila Jumamosi mpaka akazeeka, na kwamba picha hiyo ndiyo iliyomfukuza humo.

Walioipiga ni wazee wawili wa Kizungu, mume na mke, waliokuja kwetu mlimani Meru wakati wa Mwingereza. Hawakuwa kama wamisionari tuliowazoea, wale wa kuja vijana na kuzikwa huku huku. Hawa walikuwa wamekwisha kustaafu kwao, watoto wao wameoa na kuolewa, ndipo wakasikia wito. Wito wenyewe ulikuwa na siku zake. Siku za kazi walimtumikia Mungu, Jumamosi walikwenda kutalii, na Jumapili walimshukuru Mungu kwa waliyoyaona Jumamosi. Mimi nilikuwa msichana wa kazi nyumbani kwao. Nilifua, nilipika, nilipiga pasi, na niliwafungia mikate ya safari.

Nisiwasingizie, kazi walifanya. Bwana alipanda juu ya paa la shule na uzee wake akagongelea mabati. Bibi aliosha vidonda vya watu barazani kwake kila asubuhi. Mama alikuwa na donda la mguu, donda ndugu lisilosikia dawa, na lilinuka kiasi kwamba kanisani watu walisogea kidogo kwenye benchi. Bibi hakusogea. Alipiga magoti sakafuni, akaushika ule mguu kwa mikono yake mwenyewe, akauosha kwa maji ya uvuguvugu, akaufunga kwa bendeji safi. Siku ya kwanza mama alilia, na si kwa maumivu. Kuanzia hapo ungemwambia kwamba yule Mzungu anataka nyota, mama angeuliza ngazi iko wapi.

Mama alikuwa na hofu moja tu duniani, kuzikwa bila kengele. Baba alizikwa kwa kengele. Ile kengele ya kanisa letu, iliyoachwa na Wajerumani, ilikuwa ikilia polepole mtu anapofariki, na kihamba hadi kihamba, katika kila shamba la ukoo, watu waliacha majembe wakasimama kimya katikati ya migomba. Mama alikwisha kushona gauni jeupe la kuzikiwa, akalikunja sandukuni. "Mengine yote Mungu atapanga," alikuwa akisema. "Mimi naomba kengele tu."

Basi wale wazee walitalii. Waliliona Ziwa Duluti, waliwaona nyati wa Ngurdoto na heroe wa Momela. Sokoni Arusha bibi alimzunguka mzee mmoja wa Kimasai akimpiga picha masikio, mpaka yule mzee akamdai tumbaku, na njia nzima ya kurudi bibi alilalamika kwamba watu wameharibika. Lakini kitu kimoja walikikosa, nacho walikiita mambo ya zamani. Kila walikokwenda kwetu walionyeshwa kanisa, shule na mikahawa iliyopaliwa vizuri. Twiga walikuwa hawavai shati, sisi tulivaa, na naona jambo hilo liliwaudhi.

Asubuhi moja bibi alimwambia mama, mguu ukiwa bado kwenye beseni, "Mama, baba yako aliomba miungu ya zamani. Watu wamesema. Wewe unajua. Tuonyeshe kidogo."

Ni kweli, babu alikuwa mtu wa matambiko, na kila mtu alijua. Mama akajibu, "Bibi, mimi nimebatizwa."

"Kidogo tu. Kwa kumbukumbu. Sisi tunakwenda kwetu karibu."

Mama akaja jikoni kwangu akichechemea. Nilimwambia asithubutu, wazee wa kanisa wakisikia watamkalia kikao. Akaniangalia sana. "Anaushika mguu wangu, mwanangu. Wewe mwenyewe ukinifunga unabana pua. Nitamnyima nini?" Halafu akaanza kucheka. "Wala sitatambika. Nitawachezea tu, wafurahi, waende zao."

Kibuyu nilikijaza mimi, kwa maji ya kuoshea vyombo, kutoka karai la bibi mwenyewe. Bwana alimzunguka mama na kamera kama fundi anayetafuta ufa. Akamwomba avue kitambaa cha kichwa. Akavua. Akamwomba avue blauzi ya Jumapili, na bibi akaleta ngozi ya mbuzi aliyoinunua Arusha mjini awe anaikanyaga kando ya kitanda, akamfunga nayo begani. Mama akapiga magoti, akainua macho, akamwaga maji na kusema kwa Kimeru, kwa sauti nene ya kutisha, "Ee Mungu Baba, wageni hawa wafikishe kwao salama, na huu mguu uupoze, na hii ngozi inayoniwasha niivue upesi, kwa jina la Yesu Kristo, amina." Nilicheka mpaka nikajificha nyuma ya mringaringa. Bwana akaniona, akaweka kidole mdomoni. Aliniambia ninyamaze, kwa kuwa mahali pale ni patakatifu.

Walipokaribia kuondoka waliwaita washarika wote shuleni kuwaaga. Waliazima jenereta kwa setla mmoja wa kahawa, wakatundika shuka ukutani, wakawasha mashine ya picha. Watu walishangilia tembo. Waliushangilia mlima wao wenyewe, kana kwamba hawajauona asubuhi ile. Kisha akatokea mama, mkubwa kuliko mlango, na ngozi yake na kibuyu chake. Nyuma watu walicheka. Mbele, walipokaa wazee wa kanisa, hakucheka mtu.

Bwana aliigusa picha kwa fimbo, uso umemng'aa, akaeleza kwa Kiingereza. Mwinjilisti wetu akatafsiri, tena vizuri, hakuacha neno. "Anasema mama huyu bado ameshika ibada ya mababu. Anasema wao wamebahatika kuishuhudia kwa macho yao. Anasema hii ndiyo picha anayoipenda kuliko zote."

Mama akasimama. "Jamani, yale yalikuwa maji ya vyombo!"

Mtu akamvuta kanga akae. Picha iliyofuata ilikuwa ya mbuni, watu wakashangilia tena.

Kesho yake kanisani lilitangazwa jina la mama. Ametengwa. Asiikaribie meza ya Bwana, na asihudumiwe na kanisa kwa lolote, akiwa hai wala akifa, mpaka asimame mbele ya usharika atubu kutambika. Mama alikuwa amekaa kwenye benchi lake la siku zote, ufagio ukiwa nyuma ya mlango alikouacha jana yake. Safari hii watu hawakusogea kidogo. Walihama benchi.

Jumatatu niliwakuta wazee wangu wa Kizungu wanakunywa chai. Nilisimama pale na trei ya vikombe, nikawaeleza kila kitu. Nikawaomba waende kwa wazee wa kanisa waseme neno moja tu, kwamba ule ulikuwa mchezo, na kwamba wao ndio waliouomba.

Bwana akaweka kikombe chini. "Mchezo?"

"Ndiyo, bwana. Ilikuwa sala tu. Aliwaombea safari njema, kwa jina la Yesu."

Nilidhani atafurahi. Mmisionari gani asiyefurahi kuambiwa kwamba mpagani wake ni Mkristo? Lakini shingo yake iliiva mpaka masikioni, akamgeukia mkewe akasema, "Kumbe alitudanganya." Na bibi, yule yule wa kushika mguu, machozi yakamlenga. "Nimemwosha miezi yote hii," alisema. "Asante yake ndiyo hii?" Picha ilikwisha kuahidiwa huko kwao, ikaonyeshwe kanisa hadi kanisa. Bwana akakohoa, akasema mambo ya usharika wetu ni yetu, wao wasingependa kuyaingilia, wao ni wageni tu. Siku hiyo walikuwa wageni. Siku ya kumvua mama blauzi walikuwa wenyeji.

Niliwachukia. Nasema wazi, niliwachukia pale pale, na uzee haujanipunguzia.

Asubuhi iliyofuata mama alikuja barazani kama kawaida, akanyoosha mguu, akangoja. Bibi hakutoka. Alinipa mimi bendeji na chupa ya dawa nimpelekee, akasema amechoka. Mama akavipokea kwa mikono miwili, akaketi pale muda mrefu, akiutazama mlango.

Jioni akakata isale, ile mimea yetu ya majani marefu tunayopanda mipakani. Kwetu mtu aliyemkosea mwenzake humpelekea isale, na anayeletewa hawezi kukataa kusamehe, hata kama kosa ni la damu. Nilimwuliza mama aliyekosewa hapa ni nani. Akasema, "Peleka. Wakisamehe watasema neno kwa wazee." Kwa wazee wa kanisa wenyewe asingeweza kuipeleka, kwa kuwa nayo ni mila, wangemwongezea kosa.

Nikaipeleka, nikaeleza maana yake polepole. Ee, bibi alifurahi! Alipiga makofi. "Desturi nzuri namna gani!" Akanisogeza dirishani penye mwanga, akanishikisha isale vizuri, akamwita mumewe alete kamera. Walipokwisha, aliitia kwenye glasi ya maji, akaiweka juu ya meza ya chakula. Nilisimama nikingojea jibu. Akaniambia nimalizie pasi, kwa sababu alfajiri wanakwenda Ngorongoro kumtazama faru.

Wazee wa kanisa walikaa kikao faru akitazamwa. Mama alipanda kilima cha kanisa kwa fimbo. Mwinjilisti, nimtendee haki, alijaribu kumsaidia. "Mama, tubu tu. Neno moja, yaishe, urudi kundini."

"Nitubu nini, mwalimu? Nikisema nilitambika, hapo ndipo nitakuwa nimemdanganya Mungu. Na nitakuwa nimesimama madhabahuni."

"Picha haisemi uongo," mzee mmoja akasema.

"Haisemi chochote," mama akamjibu. "Ina mdomo wangu, lakini haina sauti yangu."

Wakaona ana kiburi. Wakafunga kwa sala.

Wageni wakaondoka. Watoto wa shule waliimba, Landrova ikateremka barabara ya Tengeru, na bibi akapunga kitambaa mpaka kona ya mwisho. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Wahenga hawakuwahi kufanya kazi katika nyumba ile.

Krismasi ilipofika, picha ikaja kwa posta, ya rangi, kubwa, zawadi kwa mama yetu mpendwa wa mlimani. Nilitaka kuitia motoni. Mama alininyang'anya. Alikuwa hajawahi kupigwa picha nyingine maisha yake yote. Aliishika mbali, akaileta karibu, akacheka. "Angalia walivyonipendezesha," alisema, "mguu hauonekani kabisa."

Mguu ulikuwa umeanza kuwa mweusi. Mhudumu wa zahanati alikuja mara moja moja, akaacha vidonge. Masika yalipoanza tulimlaza kwenye machela ya miti tumteremshe Nkoaranga hospitali, lakini njia ilikuwa tope tupu, wabebaji wakaanguka mara ya kwanza, wakaanguka tena, na mama akaomba tumrudishe. Alikufa nyumbani. Kabla ya hapo aliniuliza, "Watapiga?" Nikamwambia watapiga.

Nilikimbia kwa mwinjilisti na mvua yangu mwilini. Alinipa pole nyingi. Akasema asingeweza kupiga kengele, wala kuja makaburini, mikono yake imefungwa. Mikono hiyo ilikuwa inamenya ndizi.

Tulimvika gauni jeupe. Kaburi lilichimbwa kihambani, kando ya baba. Majirani walikuja, lakini waliishia nje ya uzio, wamejifunika magunia kwa mvua, maana aliyeingia kumzika mtu aliyetengwa angeweza kutengwa naye. Walikuwemo aliowakanda wakati wa uzazi. Hakuna aliyeanzisha wimbo. Sala pia hakuna aliyeianzisha, hata mimi.

Ndipo akashuka kaka yake mama, mjomba ambaye hakubatizwa na ambaye mama alimsumbua miaka yote aje kanisani. Alikuwa na kibuyu. Hakuuliza mtu. Alikaa ukingoni mwa kaburi, akamimina pombe ya ndizi, pombe ya kweli, inanuka chachu, akawaita mababu mmoja mmoja kwa majina yao. Akawaambia binti yao amerudi, wampokee, wasimwulize alikokuwa. Akanipa kibuyu na mimi. Nilikuwa nimepata kipaimara, nilijua ninachofanya, na watu wa uzioni walikuwa wananitazama. Nikamimina. Mama alitengwa kwa tambiko la uongo, akazikwa kwa la kweli, kwa kuwa kanisa halikumwachia jingine.

Jioni mvua ilikatika. Nilikuwa nafagia uani kengele ilipolia, na nikaacha ufagio nikasimama, kama tulivyofundishwa tangu utoto. Ilikuwa inawaita wanakwaya kwenye mazoezi.