Mjerumani na Jina la Binti Yangu

Majina yao wote ninayo, hata la mbwa wetu wa wakati huo, lakini hapa siandiki hata moja. Yule Mjerumani aliandika ya watu wote, na nimeona yaliyofuata.

Alikuja Matungu wakati miwa ilikuwa imefika mlangoni. Sisemi kwa mzaha. Mume wangu aling'oa migomba, akang'oa na shamba langu la mboga, akapanda miwa mpaka ukifungua dirisha majani yanakukata uso. Mahindi tulinunuanga sokoni, sisi wakulima. Wakichoma shamba kabla ya kukata, masizi yanaangukia uji wa watoto, na ile harufu ya sukari iliyoungua kutoka kiwandani inalala na wewe kitandani. Mpaka leo chai yenye sukari nyingi inanichefua. Lakini miwa hiyo ilitujengea nyumba ya mabati yenye makochi, na ni kwa ajili ya makochi mzee wa mtaa alimleta Mjerumani kwetu akae.

Alikuwa mwanamke mwandishi wa vitabu. Jioni alivua viatu, akaweka miguu juu ya meza tunayolia chakula, akatueleza mimi na mama mkwe wangu maisha yake kwa Kiswahili kisafi kuliko changu. Alizaliwa kijiji cha viazi. Baba yake alienda vitani yeye akiwa bado tumboni, hakurudi. Mama alishona nguo za watu. Alipokua alianza kuandika mapishi kwenye gazeti la wanawake, kisha hadithi za mapenzi. Hakuna aliyemjali. Sifa ilikuja siku alipoandika habari za mama yake: kwamba wakati wa njaa, baada ya vita, huyo mama alifungulia wanajeshi wa kigeni mlango ili watoto wapate mkate. Aliandika na jina la mama, na jina la mtaa.

"Na mama alisema nini?" nikamwuliza.

"Hakusema. Hakuongea na mimi tena mpaka akafa."

"Ulienda kumzika?"

"Nilikuwa safarini, nasomea watu kitabu hicho."

Alisema hivyo huku anachokoa meno na njiti ya kiberiti. Kitabu kilichofuata kilikuwa cha mume wake na aibu zake za chumbani. Huyo naye akaondoka. Nikamwambia, "Basi madamu, umemaliza wa kwenu, ndiyo umekuja kwetu?" Alicheka mpaka akakohoa, kisha akayaandika maneno yangu. Nilijisikia kama mtu amenilamba shavu.

Mume wangu alimpenda kwa sababu alimwita mkulima mkubwa. Siku ya kumkaribisha alichinja ingokho, kuku wetu wa heshima, akamwekea firigisi kwenye sahani. Kwetu firigisi ni ya mwenye boma. Mama mkwe wangu alizeeka bila kuionja. Mjerumani aliitafuna, akaitema kwenye kiganja, akamrushia mbwa. Mume wangu akacheka. Mama mkwe akainuka akatoka nje.

Basi nikamzaa binti yangu, Mjerumani akiwa bado kwetu. Hata kitovu hakijaanguka, akaanza kulia na kukataa ziwa. Kwetu mtoto akilia hivyo, kuna mtu wa ukoo aliyekufa anayetaka jina. Mwanamke mzee anampakata, anaita majina ya waliotangulia moja moja, na lile ambalo mtoto atanyamaza ashike ziwa, ndilo hilo. Likishapatikana, hakuna kurudia. Mtu ameitika, unamwitia nini tena?

Mama mkwe aliita asubuhi hiyo mpaka sauti ikakauka. Mwishowe akamtaja dada yake mwenyewe, aliyekufa akiwa msichana, hajaacha hata mtoto. Binti yangu akanyamaza, akanyonya, akalala. Mama mkwe alifunika uso na kitambaa akalia. Katika ukoo wote, hakuna mtoto aliyewahi kumrudisha huyo dada.

Mjerumani akarudi kutoka sokoni, akakimbilia mashine yake ya kunasa sauti.

"Nimekosa! Tafadhali rudieni."

"Tumemaliza, madamu," nikasema.

"Kidogo tu. Mtoto alie, bibi aite majina machache."

"Mtoto amelala."

"Huyu mgeni ametoka mbali," mume wangu akasema. Akaingiza mkono ndani ya shuka, akamfinya mtoto paja.

Yule mtoto alipiga kelele ambayo sijawahi kuisikia tena. Na Mjerumani akasogeza mashine karibu na mdomo wake, anatikisa kichwa polepole kama mtu anayeonja mchuzi.

Mama mkwe alikataa kuita tena. Mume wangu akaanza kuita mwenyewe, mwanamume mzima, akichanganya bibi zake wa huku na wa kule. Mtoto akazidi kulia. Paja linauma, jina litasaidia nini?

"Amelikataa lile la kwanza," mume wangu akasema.

Hapo Mjerumani akalainisha sauti, na machozi yakamlengalenga. "Labda anamtaka mama yangu. Mkimpa jina lake, nitamsomesha mpaka kwetu Ujerumani."

"Litaje, madamu!" mume wangu akasema.

Mtoto angechoka tu anyamaze kwa bahati, baba yake angesema jina limekubaliwa, na binti yangu angebebeshwa mama wa mtu mwingine. Yule msichana wetu marehemu, aliyeitika asubuhi hiyo, angefukuzwa mlangoni.

Mama mkwe akainuka. "Mama yako alikunyima mdomo mpaka akaingia kaburini," akamwambia, "na hukumtupia hata udongo. Sasa unataka sisi tukutunzie? Akikutaka atakufuata kwako. Hapa hajui hata njia ya choo." Akamgeukia mwanawe. "Na wewe, ukitaka mtoto wa kufinya, zaa kwa tumbo lako."

Nilifunua shuka. Alama za vidole zilikuwa zimevimba. Nikamshika binti yangu, nikamwita jina la yule dada sikioni, tena na tena, mpaka akashika ziwa kwa kwikwi. Mjerumani hakuzima mashine. Mume wangu alitoka kwenda kuangalia miwa.

Kitabu alichoandika juu yetu kilimpa sifa kuliko vyote. Mgeni mmoja alinisomea: ndani yake mtoto analia, anaitwa jina la mama ya Mjerumani, ananyamaza, na wazungu wanafuta machozi. Wanakujanga nacho mpaka getini, simu juu, wanamwita binti yangu kwa jina hilo. Juzi mmoja aliita sana. Binti yangu alikuwa pale pale anaanika mahindi, hakuinua hata kichwa.

"Kuna mtu anaita," nikamwambia.

"Anamwita mtu wa kwao, mama. Labda hayupo."