Mtoto Mweupe wa Hewa Bora

Mwanangu alipozaliwa, kila aliyeingia kwetu, mtaa wa Hewa Bora, alimtazama rangi kwanza. Kama ana vidole vyote, hilo lingesubiri. Siku ya tatu alianza kung'aa, na mama mkwe, mwanamke wa Kasai anayeuza vitenge na kujua bei ya kila kitu kizuri, akatangaza kwamba mtoto amefuata weupe wa kwao. Mimi ni mweusi, binti wa mfanyakazi wa reli. Nikaelewa kuwa nimesamehewa.

Na nilifurahi, nisidanganye. Tena nilikuwa mwalimu wa biolojia. Somo la ini nililifundisha kila mwaka, na mchoro wake ubaoni: damu ya mtoto mchanga huvunjika na kuacha rangi ya manjano, ini huisafisha, na ini likizidiwa, rangi hiyo hupanda mpaka kwenye ubongo na kuuharibu, hata kusikia kukapotea. Mwanafunzi aliyesahau hilo nilimpa sifuri.

Nyumbani kwetu mtoto hatolewi nje kabla kitovu hakijaanguka, kwa hiyo mapazia yalifungwa, na chini ya balbu kila mtu ni mzuri. Siku ya tano akawa analala tu, hata titi halitaki. Tukamsifu kwa upole. Kesho yake kilio chake kikawa chembamba na kikali, na mgongo ukapinda kwenda nyuma. Shangazi wa mume wangu akasema huyo atakuwa mwanajeshi, tukacheka, na mimi nikacheka.

Kitovu kilipoanguka nilimvika kofia mpya nikampeleka kliniki, nia yangu hasa ikiwa wamwone. Muuguzi alimsogeza dirishani, akambonyeza paji la uso kwa kidole.

"Mama, huyu mutoto haiko mweupe," akasema. "Iko na jaunisse, bugonjwa ya manjano. Munachelewa."

Walimbadilisha damu, wakamlaza chini ya taa ya buluu mpaka umanjano wote ukamtoka. Mama mkwe alisimama mlangoni akaniuliza kwa nini wanamharibu mtoto.

Sasa ana miaka sita, mweusi kama mimi, na shingo yake haitulii. Wageni hawana tena la kusifu. Kila asubuhi nasimama nyuma yake na kumwita kwa sauti yangu ya darasani. Hageuki. Anaendelea kutazama dirisha, ule mwanga ambao tulimficha usimfikie wiki nzima.